Hesabu Mpaka Kumi

Cherehani aliinywa chai yake akitembea. Alitoka nayo dirishani mpaka mlangoni, akarudi, akakiweka kikombe juu ya debe la rangi, akakisahau, akakitafuta, akakikuta kimepoa. Alikuwa na mambo mawili siku hiyo. Asubuhi apeleke ubao shuleni. Saa kumi alasiri aende nyumbani kwa kina Mwalimu, yeye na mjomba wake, wakamwombe mama yake awape huyo binti, Cherehani amwoe.

"Ukiendelea kuzunguka hivyo utachimba shimo sakafuni," mjomba alimwambia. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa maneno machache, na shati lake jeupe alilipiga pasi kwa mara ya tatu. "Kaa chini, kijana wangu."

"Siwezi kukaa."

"Wasiwasi wa nini? Binti si ameshakubali?"

"Amekubali," Cherehani alijibu haraka mno. Kisha akakuna shingo. "Yaani, hajakataa."

Mjomba akaisimamisha pasi wima. "Hajakataa?"

"Nilimuuliza wiki tatu zilizopita, pale langoni mwa shule. Nikamwambia nataka tuoane. Akanitazama, nikaona macho yamelainika. Nikamwambia najua, usiseme kitu, najua unahitaji muda, mama yako nitaongea naye mimi, usijali. Akatabasamu."

"Kwa hiyo hakusema ndiyo."

"Mjomba, kuna mambo yanaonekana."

"Na wala hakusema hapana."

"Hakusema."

"Umeuliza, umejibu, na siku umepanga." Mjomba alilitundika shati kwenye msumari. "Ungejioa mwenyewe tu, mambo yakaisha."

Jina la Cherehani alipewa na mafundi wenzake siku ya kwanza alipoingia karakana ya mabango, miaka saba nyuma. Walisema mdomo wake unakimbia kama sindano ya cherehani, na uzi haukatiki. Hakulichukia jina hilo. Tangu utotoni kimya kilimtia hofu. Kila kilipoingia kati yake na mtu mwingine, alikimbilia kukiziba, kama mtu aliyeona paa linavuja.

Akauchukua ubao, umefungwa ndani ya shuka safi, akatoka.

Ubao wenyewe ulikuwa na vibao vidogo arobaini, kila kimoja kimekazwa kwa skrubu mbili na kina picha yake: kikombe cha maji, choo, mpira, mama, jua, uso unaolia, mkono uliofunguliwa wa "nataka", mkono unaosukuma wa "sitaki". Darasani kwa Mwalimu walikuwa watoto tisa, na wengi wao maneno hayakuwatoka mdomoni. Walisema kwa vidole. Mwalimu naye, kila alipozungumza nao, aligusa picha huku akitamka neno lake, ili wajue kwamba hiyo ni lugha ya watu wote na si adhabu ya wasioweza kusema. Mtoto alilisikia neno, akaliona, akaligusa, na siku moja akalitumia mwenyewe, na siku hiyo Mwalimu alikwenda nyuma ya mlango kupangusa macho.

Cherehani aliitwa kuzichora picha hizo mwaka uliopita. Ilikuwa kazi ya siku nne. Aliimaliza kwa miezi miwili, kwa kuwa kila alipokamilisha picha moja alipata sababu ya kwenda kumuuliza Mwalimu kama masikio ya mbuzi yamekaa sawa.

Sasa rangi zilikuwa zimefifia kwa kuguswa. Wakati wa likizo fupi aliuomba ubao, pamoja na nakala ndogo ambazo watoto hupakata, akang'oa vibao vyote, akavipiga msasa, akavichora upya. Na kwa kuwa mapenzi yalikuwa yamempanda kichwani, akaongeza zawadi ambayo hakuna aliyemwomba. Aliupanga. Zamani maji yalikaa jirani na viatu, na ndege alikaa jirani na choo. Sasa nguo zilikaa na nguo, vyakula na vyakula, wanyama na wanyama, nyuso na nyuso. Nakala nazo alizichora upya kwa mpango huo huo, zile kuukuu akazitupa. Ubao ulipendeza kama bango la duka lililofunguliwa jana.

Mwalimu alikuwa mlangoni mwa darasa, anafunga kamba za viatu vya mtoto. Alipomwona akasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyotulia, na kabla ya kila sentensi aliacha pengo dogo, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole. Cherehani aliyapenda mapengo yale kuliko kitu chochote duniani. Aliyapenda, na hakuyaacha hata moja wazi.

"Umelalaje?" Mwalimu aliuliza.

"Salama, nimelala vizuri, yaani sikulala kabisa, na wewe naona hukulala, macho yanasema, lakini usijali, mjomba shati lake tayari..."

"Nilitaka kukwambia kitu. Kuhusu..."

"Kuhusu leo, najua! Saa kumi juu ya alama. Lakini kwanza funga macho. Funga!"

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akayafumba. Cherehani aliuinua ubao, akautundika ukutani mahali pake, akavuta shuka.

"Fumbua."

Mwalimu akafumbua. Akafungua mdomo. Wakati huo huo mtoto mmoja upande wa pili wa darasa akaangusha ndoo ya udongo wa kufinyanga, ikalia kwa kishindo, na Mwalimu akakimbilia huko.

Kipepeo ndiye aliyeukaribia ubao kwanza. Alikuwa msichana wa miaka minane, na jina hilo lilitokana na mikono yake, iliyopepea kila alipofurahi. Ilimchukua miezi mitano kusema neno lake la kwanza kwa kidole. Sasa alikuwa nayo ishirini na mawili, na aliyasema kwa kasi, bila hata kuangalia, kama mama anavyotia chumvi kwenye chungu huku akizungumza na jirani.

Alinyoosha mkono kwenye kona ya chini kushoto, akagonga.

"Kofia!" Cherehani akashangilia. "Anataka kofia!" Akaikimbilia kofia yake msumarini, akamvika.

Kipepeo akaitupa. Akagonga tena pale pale.

"Ndiyo, mama, kofia. Hii hapa." Akamvika tena, akaiweka upande kwa madaha. "Sasa umependeza."

Kipepeo akaitupa mbali. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mkono ukaruka juu kabisa, kona ya kulia, mahali ambapo tangu ubao uzaliwe palikaa mkono unaosukuma. Akapagonga kwa nguvu, mara moja, mara tatu, mara kumi. Sasa pale palikuwa na uso unaocheka.

"Amefurahi!" Cherehani alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kulegea, maana mtoto alikuwa analia. Analia na kugonga uso unaocheka, analia na kugonga uso unaocheka, mpaka alipojitupa chini na kuuma kifundo cha mkono wake mwenyewe.

Mwalimu alifika mbio. Aliuangalia ubao mara moja tu, na Cherehani aliona rangi ikimtoka usoni.

"Maji," alisema. "Anataka maji."

Alimpakata mtoto, akamnywesha, akamwimbia kwa sauti ya chini mpaka pumzi zikatulia. Cherehani alisimama kofia mkononi, hana pa kuiweka.

Baadaye kwenye kibaraza, watoto wakiwa na msaidizi wa darasa, alijaribu kutabasamu.

"Mwalimu, nisamehe. Nilidhani..."

"Fundi."

Moyo ulimlipuka. Akimpenda alimwita Cherehani. Akimkasirikia alimwita Fundi.

"Wale watoto hawasomi picha tu," Mwalimu alisema. "Wanajua mahali. Mkono wa Kipepeo unajua njia ya kwenda kwenye maji. Ndiyo maana vibao havihami. Ukivihamisha, umemng'oa mtoto ulimi."

"Nilitaka kupendezesha. Nilitaka iwe zawadi kwako, siku ya leo, ili..."

"Ulitaka. Ulimuuliza nani?"

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtukiza." Akapumua. "Na saa ile yupo pale mbele yako, anakwambia mara tatu, ulimsikia?"

"Nilidhani ni kofia."

"Hukungoja kuona. Unajibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Unajua kwa nini mimi nasema polepole?"

"Kwa sababu una busara, unayapima..."

"Umejibu tena."

Cherehani akafumba mdomo. Kuufumba kulimuuma kama kiatu kipya.

Mwalimu aliangalia uwanja mtupu wa shule. "Nilikuwa na kigugumizi. Mpaka nilipofika darasa la sita. Dukani mama ndiye aliyeniombea sukari. Shuleni mama aliniandikia barua kila kitu. Wageni wakiniuliza jina, mama analitaja. Alinipenda, akawa mdomo wangu. Lakini kila alipokuwa mdomo wangu, wangu uliota kutu. Mwalimu mmoja tu aliningoja. Aliuliza, akakaa kimya, akaniangalia kama mtu mwenye siku nzima. Ndiyo sababu niko hapa."

Mambo ya wiki tatu yalimjia yote kwa pamoja: langoni, macho yaliyolainika, na mdomo wake mwenyewe ukikimbia kama gari lisilo na breki.

"Saa kumi tuje?" aliuliza.

Mwalimu akamtazama. Pengo likaingia kati yao. Lilikuwa dogo, lakini Cherehani aliliona kama shimo, jasho likamtoka mgongoni.

"Basi tuahirishe," alisema. "Naelewa. Nitamwambia mjomba..."

"Umeona?" Mwalimu alisema kwa upole wa kuumiza, akaingia ndani.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kujifungia. Cherehani hakuweza, nyumbani kulikuwa na kuta nne, na yeye hakuweza kukaa hata na moja. Alikaa nje chini ya dirisha la darasa, akainuka, akakaa, akahesabu matofali ya ukuta wa jiko, akayahesabu tena akapata idadi nyingine. Kengele ya saa saba ilipolia na watoto wakaanza kuchukuliwa, aliingia na bisibisi, akaushusha ubao sakafuni, akaanza kufungua skrubu. Zilikuwa themanini.

Mwalimu alisimama pembeni, mikono kifuani. Kipepeo pekee ndiye aliyebaki, anamngoja bibi yake aliyezoea kuja saa tisa.

"Unakumbuka vilivyokaa?" Mwalimu aliuliza.

"Safu ya juu naikumbuka. Chini nachanganya."

"Mimi nina hakika navyo kama ishirini. Mpira na kitanda vinanichanganya. Si ulikuwa unaupiga picha ubao kwa simu yako? Nilikuona mara nyingi."

Cherehani aliinama zaidi kwenye skrubu yake. "Nina picha nyingi."

"Basi zitoe."

"Hazisaidii."

"Kwa nini?"

"Kwenye zote wewe umesimama mbele yake."

Mwalimu aligeuza uso upande wa dirisha, lakini Cherehani aliiwahi ile pembe ya mdomo ikipanda, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hewa ilimwingia vizuri kifuani.

"Basi tumuulize anayejua," Mwalimu alisema. Akauinua ubao mtupu, wenye mashimo ya skrubu, akauegemeza ukutani. Akamwita Kipepeo, akamkalisha mbele yake. "Utamuuliza wewe, Fundi. Sikiliza nikwambie namna. Unamwonyesha kibao, unauliza mara moja, unanyamaza. Unahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Usimkodolee macho, usimsogeze mkono, usikohoe. Ukifika kumi hajajibu, unauliza tena vile vile, unahesabu upya. Swali ukishalitoa si lako tena. Ni lake."

"Na nikijua jibu?"

"Unanyamaza vile vile."

Cherehani alipiga magoti. Akainua kikombe cha maji. "Maji yanakaa wapi?"

Moja. Mbili. Kwenye tatu ulimi ulianza kumwasha. Kwenye nne alijua ni kona ya chini kushoto, alijua kabisa, na mkono wake wa kulia ulitaka kuonyesha, akaukalia. Tano. Kipepeo alikuwa anaangalia dari. Sita. Haelewi, Cherehani aliwaza, nimemvuruga, nimemharibu mtoto wa watu. Saba. Pikipiki ilipita barabarani. Nane. Na mkono mdogo ukainuka wenyewe, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote, ukatua kona ya chini kushoto.

Cherehani alitaka kupiga kelele. Akauma mdomo, akafunga skrubu mbili.

"Viatu vinakaa wapi?"

Viatu vilijibiwa kwenye nne. Mbuzi alijibiwa papo hapo. Mpira ulifika kumi, ukafika kumi tena, na kwenye kumi ya tatu, wakati Cherehani alikuwa anatokwa jasho kama mbeba mizigo, kidole kilikwenda kwenye safu ya tatu, mahali ambapo yeye wala Mwalimu wasingepataja. Mwalimu akacheka kwa mshangao. "Kweli! Mpira ulikuwa pale! Mimi ningeweka kitanda."

Kibao baada ya kibao ubao ulirudi. Na jambo fulani lilimtokea Cherehani hapo sakafuni, ambalo hakuwahi kulijua katika miaka yake ishirini na tisa. Ndani ya kile kimya alichokiogopa maisha yote, hamkuwa na utupu. Mlikuwa na mtu. Alikuwa anakuja kwa mwendo wake, na ukimwendea mbio ndiyo unampotezea njia.

Kibao cha arobaini kilikuwa cha "sitaki". Kipepeo alikipeleka kona ya juu kulia hata kabla ya kuulizwa, akakigonga mara mbili, kisha akamtazama Cherehani usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu mkono ukashuka: "nataka", "maji".

Cherehani alimletea. Mtoto akanywa yote, macho yamefumba, na alipomaliza mikono ikaanza kupepea.

Bibi yake alipomchukua, walibaki wawili. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye magoti ya Cherehani, na saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo. Alisimama.

"Saa kumi tuje?"

Akanyamaza. Moja, mbili, tatu. Aliangalia mikono yake ili asimkodolee macho. Nne, tano. Kila tarakimu ilikuwa ndefu kama barabara. Sita. Saba.

"Njooni," Mwalimu alisema. Akaongeza, pole pole, "Lakini lile la langoni bado sijalijibu."

"Najua," alisema, na kwa mara ya kwanza akaliacha neno hilo peke yake.

Sebule ya kina Mwalimu ilikuwa ndogo na safi mno, vitambaa vyeupe migongoni mwa viti, feni inalia kidogo kila ikifika upande mmoja. Mama yake Mwalimu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mpana mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Aliwapokea vizuri, akawaitikia shikamoo zao, akawamiminia chai. Kisha akavaa miwani, na Cherehani akajiona kama mgonjwa aliyechelewa kuja kliniki.

Mjomba aliyasema aliyotumwa. Aliyasema kwa sentensi tatu, akafuta paji la uso, akarudi nyuma ya kikombe chake.

"Nimewasikia, na nimewaheshimu kwa kuja," mama alisema. "Sasa nami niseme wazi. Kijana, sina neno na kazi yako. Brashi ni kazi. Wala sina neno na tabia yako, nimeulizia. Ninalo neno moja. Unasema sana."

Mjomba akapaliwa na chai.

"Mwanangu huyu hakusema vizuri mpaka alipokuwa mkubwa. Nilimbeba. Nilikuwa mdomo wake mimi. Leo akiolewa na mtu kama wewe, ndani ya nyumba moja, atasema saa ngapi? Utamfunika kama blanketi. Kwa hiyo jibu letu ni hapana, na msituchukie. Mwanangu hataki."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mikono mapajani. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Cherehani hakuwahi kuliona. Vidole vyake vilijifunga na kujifungua.

"Amesema hataki, mama?" Cherehani aliuliza.

"Hakuhitaji kusema. Wiki tatu hali vizuri, hasemi, anatazama ukuta. Mimi ni mama yake. Kuna mambo yanaonekana."

Maneno yale yale. Cherehani aliyasikia yakitoka mdomoni mwa mwingine, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa na hotuba tayari. Aliipanga njia nzima, tamu, ya kumtoa nyoka pangoni. Ilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi, inamsukuma meno. Akaimeza.

"Mama unasema kweli," alisema. "Nasema sana. Na mwanao nilimuuliza swali langoni mwa shule, nikajijibu mwenyewe. Naomba ruhusa yako nimuulize tena hapa, mbele yako. Mara moja."

Mama alifungua mikono, kama kusema haya, tuone.

Cherehani alimgeukia Mwalimu. "Unataka tuoane?"

Moja.

Mbili. Feni ililia.

Tatu. Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake.

Nne. "Unaona," mama alianza, "nilikwambia, ana..." Cherehani alimwinulia kiganja, kwa adabu, kama mtu anayemwomba mwenzake asiamshe mtoto. Mama akashangaa mpaka akanyamaza.

Tano. Mjomba alimgusa mguu kwa kiatu chini ya meza: sema kitu. Hakusema.

Sita. Anakataa. Saba. Anatafuta namna nzuri ya kukataa. Mwambie basi, mwambie usijali, mpunguzie mzigo, mwondolee... Nane. Swali si lako tena. Tisa. Jasho liliteremka kwenye uti wa mgongo, tone moja, lina haraka kuliko yeye.

Kumi.

Mama akavuta pumzi. Mjomba akafumba macho.

"Unataka tuoane?" Cherehani aliuliza tena, kwa sauti ile ile, akaanza moja.

Mwalimu akainua uso. Shingo yake ilikuwa inacheza, taya limekaza, na Cherehani alielewa kitu ambacho hakukielewa asubuhi: kwamba hakuwa anatafuta jibu. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa anapanda nalo ngazi, ngazi ndefu ya tangu utotoni, na mama yake chini anamwita arudi.

Mbili. Tatu. Nne.

"N... n..." alisema.

"Anasema n..." mama akadakia, akajishika mdomo mwenyewe kwa mkono.

Tano. Sita.

"Nataka," Mwalimu alisema.

Neno lilitua katikati ya sebule, kamili. Naye akaendelea, macho kwa Cherehani, kila neno kwa wakati wake. "Nilitaka tangu langoni. Ulikuwa hunipi pa kusemea. Lakini si mwezi ujao, kama ulivyopanga. Shule ikifunga. Na ubao wangu usiuguse tena bila kuniuliza." Kisha akamgeukia mama yake, na sauti ikalainika. "Mama, wiki tatu sikuwa nakataa. Nilikuwa najizoeza kusema. Nilitaka uwe wa kwanza kunisikia."

Mama aliivua miwani. Aliifuta kwa kitambaa cha kiti, muda mrefu kuliko kioo kilivyohitaji. Alipoivaa tena macho yalikuwa mekundu, lakini alimtazama Cherehani kwa ukali wake wote.

"Haya, kijana. Amesema, nimesikia. Sasa nami nakuuliza moja. Leo umengoja kwa sababu una shida. Siku umechoka, siku umekasirika, siku watoto wanalia na wewe una njaa, mwanangu akikwama kwenye neno, utamngoja?"

Cherehani alifungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Mtu mzima, fundi wa maneno, aliyeitwa Cherehani mtaa mzima, alikaa mdomo wazi, machozi yakimlengalenga. Kila jibu lililomjia lilikuwa jepesi mno kwa swali lile. Alilitupa, akatafuta lingine.

"Mbona hunijibu?" mama alisema. "Au ndiyo kusema..."

"Mama." Mwalimu alikuwa ameinuka. Alikuja akakaa kwenye kiti kilicho karibu na cha Cherehani, akaweka mkono wake juu ya mkono ule wenye vumbi la mbao. "Mngoje."

"Mpaka lini?"

"Hesabu mpaka kumi. Kimoyomoyo."

Feni ikalia. Mjomba akakiweka kikombe chini bila sauti. Na mama, muuguzi mstaafu, aliyewajibia watu maisha yake yote, akaegemea kiti, akamkazia yule kijana macho, na midomo yake ikaanza kucheza taratibu: moja, mbili, tatu.